Samaki wa Nihonbashi

Mwaka 1812, Nakamura Utaemon III, mwigizaji aliyekuwa kipenzi cha watazamaji wa kabuki, alilipa ryo 3 za dhahabu kwa samaki mmoja. Samurai wa daraja la chini kabisa alitumika mwaka mzima kupata kiasi kama hicho, ukiacha posho yake ya mchele. Samaki mwenyewe alikuwa katsuo, yule jodari mdogo mwenye mistari myeusi tumboni, anayeogelea makundi kwa makundi katika bahari zote za joto, ya kwetu ikiwemo. Kilichompandisha bei ni kwamba alikuwa wa kwanza. Siku ile walishushwa katika soko la Edo katsuo 17 tu wa mwanzo wa msimu. Sita wakaenda kwa shogun, mtawala wa nchi, na waliobaki wakagombaniwa na wenye uwezo. Utaemon hakumla samaki wake peke yake. Aliwapa waigizaji wadogo waliokuwa chini yake, na habari hiyo ikabaki katika maandishi ya zama zile.

Naanza na bei ya samaki kwa sababu ndiyo inayosahaulika tunapozitazama chapa za mbao za Kijapani zenye picha za samaki. Leo zimo ndani ya vioo vya makumbusho, zimetundikwa kwenye kuta za sebule, zimechapwa kwenye kalenda. Mtazamaji husifu mstari, husifu rangi, halafu husema kwamba Wajapani wanapenda viumbe vya asili. Huenda ni kweli. Lakini samaki aliyechongwa kwenye ubao wa mti wa cheri mjini Edo alikuwa na mnunuzi kabla hajapata mchoraji. Alitoka sokoni, alikuwa njiani kwenda jikoni, na watu waliomchora, waliomchonga, waliomchapa na waliomtungia shairi walijua ladha yake kwa ulimi wao. Usipomwona hivyo, umeona nusu yake.

Edo ndiyo Tokyo ya leo. Katika karne ya 18 ilikuwa na watu wapatao milioni moja, na bahari ilikuwa mlangoni mwake. Soko la samaki lilikuwa ukingoni mwa mto, pembeni ya daraja la Nihonbashi, mahali palipoitwa Uogashi, na usafirishaji wa kulilisha soko hilo ulikuwa kazi ya watu wenye vifua. Mashua nyembamba za makasia zilipeleka samaki wabichi Edo kutoka rasi za Izu na Bōsō, zikishindana na jua. Mashua hizo karibu kila mtu duniani ameziona bila kujua ni za nini. Katika ile picha ya Katsushika Hokusai ya mwaka 1831 hivi, ya wimbi kubwa linalotaka kuumeza mlima Fuji, kuna mashua tatu, na wapiga makasia wameinama kwenye sakafu wakishikilia roho zao. Ni mashua za samaki. Picha mashuhuri kuliko zote za Japani inahusu, pamoja na mengine, hatari ya kufikisha kitoweo mjini.

Samaki walikuwa wameingia kwenye ubao mapema zaidi. Mwaka 1762 kilichapwa kitabu kiitwacho Umi no sachi, maana yake ni baraka za bahari, chenye michoro ya Katsuma Ryūsui na mashairi mafupi kando ya kila kiumbe. Kilichapwa kwa rangi miaka mitatu kabla ya chapa za rangi nyingi kuenea mjini Edo mwaka 1765. Kwa hiyo miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mafundi wa Kijapani walijaribia ufundi mpya wa rangi, mbele ya warembo na waigizaji walioleta umaarufu baadaye, walikuwemo samaki, kaa na pweza. Kisha, karibu mwaka 1789, Kitagawa Utamaro, ambaye dunia inamfahamu kwa sura za wanawake, alitoa kitabu cha makombe ya baharini kwa mchapishaji Tsutaya Jūzaburō. Kinaanzia pwani ya Shinagawa maji yakiwa yametoka, watu wakiokota makombe, na kinamalizikia chumbani, wanawake wakicheza mchezo wa kulinganisha nusu mbili za kombe. Katikati yamelala makombe yenyewe juu ya mchanga, yamepakwa unga wa ulanga yakametameta kama yametoka majini sasa hivi. Mwenye kitabu hicho mkononi hulazimika kuinamisha ukurasa huku na huku ili mwanga uyapate.

Vitabu hivi viwili vina wazazi wamoja: vyama vya washairi. Edo ilijaa makundi ya watu waliokutana kutunga, na utungo uliopendwa zaidi kwa starehe ulikuwa kyōka, shairi la silabi 31 lenye utani na mafumbo. Wafanyabiashara, samurai wadogo, wenye mikahawa, wote walikuwamo, na wengine walijipa majina ya kuchekesha ya kishairi. Mashairi yao mazuri ya mwaka waliyakusanya, wakachanga fedha, wakamlipa mchoraji na mchapishaji, na nakala zikagawanywa wao kwa wao. Kwa kuwa walijilipia, hawakubana matumizi. Karatasi ilikuwa nene, rangi ilikuwa nyingi, na fundi hakuharakishwa.

Ndivyo ulivyozaliwa mfululizo ninaouona kuwa kilele cha samaki wote wa Japani, ule wa Utagawa Hiroshige unaoitwa Uo-zukushi. Hiroshige alizaliwa Edo mwaka 1797, katika familia ya askari wa zimamoto, na wengi wanamjua kwa mandhari ya mvua, theluji na barabara. Karibu mwaka 1832 chama cha washairi wa kyōka kilimwagiza picha kumi za samaki, zikachapwa na Nishimuraya Yohachi. Zilipendwa, na mnamo miaka ya mwanzo ya 1840 mchapishaji mwingine, Yamadaya Shōjirō, akatoa kumi nyingine. Jumla ni karatasi 20 za kulala, kila moja ina upana wa karibu sentimita 37.

Tuitazame mojawapo kwa karibu. Samaki wawili, kasago mwekundu mwenye miiba na isaki mwenye ngozi ya kijivu, wamelala mmoja karibu na mwenzake. Hakuna maji. Hakuna meza, hakuna sahani, hakuna kivuli chini yao. Ni karatasi tupu, na juu yake mashairi yameteremka kwa mwandiko wa brashi. Wamekufa, na hilo halikufichwa: jicho limekodoka, mdomo umeachama kidogo, mapezi yamelegea. Kando yao pana tangawizi.

Tangawizi hiyo ndiyo ufunguo. Mtaalamu wa viumbe asingeiweka hapo, kwa sababu haikui baharini. Ameiweka mtu anayejua samaki hawa wanakwenda wapi. Tembea kwenye karatasi nyingine uone: besi wa baharini ana majani ya shiso, ambayo Wajapani hula pamoja na samaki; dagamla za rangi nyeusi na nyekundu zina pilipili ya sanshō; samaki kochi wa kichwa bapa ana mabiringanya. Pale ambapo si kiungo cha jikoni, ni ua la msimu. Bunju, yule samaki wa sumu ambaye Wajapani humla wakati wa baridi, amewekewa maua ya plamu, yanayochanua baridi ikielekea kuisha. Katsuo yuko peke yake na kimea cha yukinoshita, ambacho maua yake meupe hutoka mwanzoni mwa kiangazi, majira yaleyale ambayo Utaemon alifungua mkoba wake. Msomaji wa Edo hakuhitaji maelezo. Akiona samaki na mmea alijua mwezi, alijua soko lina nini, na pengine mate yalimtoka.

Yumo pia mkizi, pamoja na ua la kamelia. Huyu ni mkizi yuleyule wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye hasira zake ni furaha ya mvuvi. Nilipoiona picha yake mara ya kwanza nilimtambua kabla sijasoma jina: kichwa kipana kilichobonyea juu, magamba makubwa yaliyopangwa safu kwa safu, na mistari hafifu inayokwenda hadi mkiani. Hiroshige hakurembesha wala kupunguza. Magamba ya ubavuni ni makubwa kuliko ya karibu na mkia, kama yalivyo. Mwenye kununua mkizi kila wiki angemkamata mchoraji asiyejua, na nadhani hilo lilimfanya mchoraji awe makini kuliko sharti lolote la kitaaluma.

Wapo waliowachora samaki kwa ajili ya elimu, na kwa umakini mkubwa. Daktari wa serikali ya shogun, Kurimoto Tanshū, aliyefariki mwaka 1834, alitumia maisha yake kuchora samaki na wadudu kwa mkono, akitaka kujua kila kimoja kilivyo. Kazi yake nzuri sana. Ila samaki wake ni wa kuulizwa maswali, na wa Hiroshige ni wa kualikwa chakula.

Sasa tuingie karakana, maana tukisema Hiroshige alichora, tumewanyima haki watu wengine watatu. Mchapishaji alitoa fedha na kubeba hasara. Mchoraji alichora kwa wino kwenye karatasi laini, basi, akaondoka. Mchongaji aliibandika karatasi hiyo kifudifudi kwenye ubao wa cheri wa milimani, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikana, akaisugua kwa kidole hadi mistari ikaonekana kwa nyuma, kisha akaanza kuondoa kila kisicho mstari. Mchoro wa asili ulikufa hapo hapo chini ya kisu. Hatuna michoro ya mkono ya chapa zilizotoka, kwa sababu ilichongwa ikaisha. Hebu fikiria pezi la mgongoni: miiba kumi na kitu, kila mmoja ni ukuta mwembamba wa mti uliobakishwa umesimama, na pande zake zote zimechimbwa. Kisu kikiteleza, ubao umeharibika, au kiraka cha mti kichomekwe. Baada ya ubao wa mistari vilichongwa vibao vingine, kwa kawaida kwa kila rangi sehemu yake, na kwenye kila kimoja mchongaji aliacha alama mbili, moja ya kona na moja iliyonyooka pembeni, ili karatasi ikae mahali palepale kila mara.

Kisha ikaja zamu ya mchapaji, ambaye kwa samaki ndiye ninayemvulia kofia kuliko wote. Hakuwa na mashine. Alipaka rangi ya maji kwenye ubao kwa brashi, akaichanganya na uji wa wali, akalaza juu karatasi yenye unyevu ya nyuzi za mforosadi, na kuisugua mgongoni kwa kibonge cha duara kilichovikwa ganda la mwanzi. Ngozi ya samaki wa baharini ina tatizo lake: mgongo ni mweusi wa buluu, tumbo ni jeupe, na kati yao hakuna mpaka. Fundi aliuloweka ubao kwa kitambaa, akatia rangi upande mmoja tu, akaivuta kwa brashi hadi ikapotea yenyewe kwenye unyevu. Karatasi ikichapwa, mgongo unakolea na ubavu unafifia, na weupe wa tumbo mara nyingi ni karatasi yenyewe. Kazi hiyo ilirudiwa upya kwa kila nakala, rangi ikivutwa kwa mkono, kwa jicho, na kwa kumbukumbu ya nakala iliyotangulia. Ndiyo maana nakala mbili za picha moja hazifanani kabisa. Buluu yenyewe ilikuwa mgeni: ile iliyovumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikaletwa na meli za Waholanzi hadi Nagasaki, na kufikia mwaka 1830 ikawa rahisi kiasi cha kutumika kwenye chapa za kawaida. Buluu za zamani za mimea zilikuwa zikipauka au kukosa kina. Hii ilikaa, na ikawafaa bahari na samaki pamoja.

Kisha siasa ikaingia majini. Mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku picha za waigizaji na za wanawake wa madanguro, ikisema zinafuja fedha na kuharibu maadili. Utagawa Kuniyoshi, aliyekuwa akichora pia picha kama hizo, akageukia viumbe. Aliwachora samaki wa dhahabu wanaotembea kwa mapezi, wanaobeba miamvuli ya majani ya majini, wanaoimba na kusimuliana hadithi za mizimu huku paka akiwatisha. Alichora pia samaki na kasa wenye nyuso za watu, na mashabiki wa kabuki walimtambua kila mwigizaji kwa pua na nyusi zake. Sheria ilikuwa imekataza picha za waigizaji. Samaki hawakutajwa.

Lakini hakuna samaki aliyeitikisa Edo kama kambare. Watu waliamini kwamba chini ya ardhi amelala kambare mkubwa, na kwamba mungu wa Kashima humkandamiza kichwa kwa jiwe asijitikise. Usiku wa tarehe 11 Novemba 1855 mji ulitikisika. Nyumba zilianguka, moto ukashika mitaa, na maelfu ya watu wakafa. Ulikuwa mwezi wa kumi kwa kalenda ya zamani, ambao inasemekana miungu yote husafiri kwenda kukutana Izumo. Kwa hiyo maelezo yalikuwa tayari: Kashima alisafiri, zamu akaachiwa Ebisu, mungu wa wavuvi ambaye daima huchorwa na dagamla kwapani, naye akasinzia.

Ndani ya siku chache chapa za kambare zilikuwa mitaani. Moja ya za mwanzo ilichorwa na Kawanabe Kyōsai, kijana wa miaka 24, lakini nyingi hazikuwa na jina la mchoraji wala muhuri wa ukaguzi ambao sheria iliudai. Wachapishaji walichonga usiku na kuuza mchana, na zaidi ya miundo 200 imebaki hadi leo. Baadhi zilinunuliwa kama hirizi, baadhi kama habari, baadhi kama matusi. Moja siwezi kuiacha. Kambare amelala chini, mkubwa kuliko watu wote, na waliomzunguka wakimpiga ni wanawake wa Yoshiwara, mtaa wa madanguro uliozungushiwa handaki la maji, ambako wengi waliungua kwa sababu njia ya kutoka ilikuwa finyu. Wanampiga kwa chochote kilicho mkononi. Pembeni juu, kundi la wanaume linakuja mbio kumwokoa. Ukiwatazama vizuri ni mafundi: maseremala, wapiga lipu, waezekaji. Tetemeko lililowaua wale limewapa hawa kazi ya mwaka mzima kwa ujira wa kupanda. Sijui gazeti ambalo lingeweza kueleza uchumi wa maafa kwa ufupi na kwa uchungu kama karatasi hii moja. Katika nyingine kambare anawabana matajiri watapike dhahabu, na maskini wanaiokota. Serikali iliona mambo yanakoelekea, na baada ya miezi miwili hivi ikapiga marufuku biashara hiyo na vibao vikaharibiwa.

Hiroshige alikuwa hai, na mji aliouchora miaka iliyofuata katika mandhari yake mia ya Edo ulikuwa mji unaojengwa upya. Katika karatasi inayoonyesha daraja la Nihonbashi, iliyochapwa mwaka 1857, nguzo ya daraja imesimama mbele ya macho yako, kubwa, imekatwa na ukingo wa picha. Kule mbali jua linachomoza juu ya maghala. Pembeni chini kuna kipande tu cha beseni la mbao linaloning'inia kwenye mti wa mabegani. Mchuuzi mwenyewe haonekani, ameshapita au ndiyo anafika. Ndani ya beseni kuna katsuo, mgongo wa buluu. Miaka miwili baada ya tetemeko, samaki wa kwanza wa msimu wanavuka daraja na kuna watu wa kuwanunua. Hiroshige alifariki mwaka uliofuata.

Desturi hii ya samaki wa sokoni ilififia pamoja na mji wake. Ohara Koson, aliyezaliwa mwaka 1877, alichora koi na samaki wa dhahabu kwa ustadi ambao sioni aibu kuulinganisha na wa Hiroshige, ila samaki wake wako majini. Wanaogelea chini ya majani, mwili umefunikwa na kivuli cha maji, na hakuna tangawizi kando. Chapa zake nyingi ziliuzwa Marekani, na kuanzia mwaka 1926 alifanya kazi na Watanabe Shōzaburō, mchapishaji aliyefufua ushirikiano wa zamani wa mchoraji, mchongaji na mchapaji. Watanabe alikuwa akianza upya. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko jingine lilikuwa limeleta moto ulioteketeza duka lake, chapa zake na vibao vyake, na siku hiyo hiyo soko la Uogashi likaungua ukingoni mwa mto. Soko lilihamishiwa Tsukiji, na tangu mwaka 2018 liko Toyosu. Koson aliendelea kuchora samaki hadi uzeeni, kwa wanunuzi waliokaa ng'ambo ya Pasifiki, ambao wengi wao hawakuwahi kumchagua samaki wao kwa kumkagua jicho, mashavu na magamba, kama walivyofanya watu wa Edo kila asubuhi.